Dakika Saba

Mlinzi Ndahani ananiuliza kama nimekula.
Nimekula karanga, nasema, na nusu chapati,
na simu kumi na nane za Mkurugenzi.

Huu ni usiku wa pili.
Seva ya mbele iko hapa Mtumba, jengo jipya,
kuta bado zinanuka rangi.
Ya nyuma tuliiacha mjini, Uhindini,
chumba kilichokuwa stoo ya mafaili,
feni moja, vumbi jekundu hadi ndani ya soketi.
Ya mbele ni mapokezi: inacheka na kila mtu,
inapokea barua, inasema ndiyo, karibu, keti.
Ya nyuma ni masijala. Haisemi.
Inatunza.

Tangu Jumanne umeme ulipokatika
mapokezi yanapokea, masijala inakataa.
Foleni: barua elfu nne mia tatu na kumi na mbili.

Nimepiga hodi poti ya ishirini na tano. Karibu.
Nimepiga hodi mia nne arobaini na tatu. Karibu.
Majina yanapatikana, anwani hazijakosewa,
ukuta wa moto nimeufungua kidogo, kama dirisha la jikoni,
nikaufunga haraka.
Cheti kiko hai hadi Machi.
Nywila nimeiandika mara tatu, polepole,
kama mtoto anayejifunza jina lake.
Waya nimechomoa, nimepuliza, nimechomeka.
Na jibu ni lile lile, mstari mmoja wa logi,
mkavu kama mbuga ya Bahi mwezi wa kumi:
"Sikutambui."

Mashine zilizonunuliwa siku moja, kwa hundi moja,
zikashushwa kwenye lori moja na vijana wale wale!
"Sikutambui."

Sisomi barua za watu. Ni mwiko wa kazi.
Lakini foleni huonyesha vichwa vya barua, na macho hayana pazia.
Mwalimu wa Kibakwe anaulizia uhamisho, mara ya tano.
Wakulima wa Hombolo: bei ya zabibu, tafadhali, zinaoza.
Mtu mmoja ameandika neno moja tu: Mirathi.
Na kila mmoja ameshaambiwa, kwa adabu, "imepokelewa".

Ndahani anaingia na chai ya rangi kwenye kifuniko cha chupa.
Anaegemea rungu, anatazama kioo.
"Hiyo inasema saa ngapi?"
Saa nane na dakika nne.
"Na ile ya mjini?"

Sikuwa nimeitazama.
Usiku wa pili, na sikuwa nimeitazama.
Saa saba na dakika hamsini na saba.

"Lindoni," anasema, "mwenzako akija na saa yake mwenyewe
humkabidhi funguo. Utajuaje kama ni yeye?"

Betri ndogo, ukubwa wa sarafu ya mia,
imechoka ndani ya tumbo la mashine.
Umeme ulipozimika, saa ikajikongoja gizani;
uliporudi, ikatafuta pa kuulizia wakati,
na yule wa kuulizwa tulimzima siku ya kuhama.
Tulimzima.
Nilimzima mimi, nikaweka sahihi kwenye fomu.

Nikampa mwalimu mwingine wa saa. Nikasubiri.
Elfu nne mia tatu na kumi na mbili.
Elfu nne na tisini.
Elfu tatu mia nane na sita,
zikishuka kama mtama unaomwagwa kutoka kwenye debe.

Katikati nikaiona yangu.
Sechelela Chidawali: kuhusu ombi lako la likizo.
Ningeweza kuisogeza mbele, ni vidole viwili tu.
Nikaiacha nyuma ya Mirathi.

Upepo wa alfajiri unagonga mabati ya mafundi huko nje.
Ndahani hana baruapepe, hajawahi kuihitaji.
"Sasa zimefika?"
Zimefika.
"Na zitajibiwa?"

Nikamrudishia kifuniko chake cha chupa.